Kupelekeana Mafaili Makubwa kwa Kiungo

Mara nyingi sisi walimu hurekodi somo la mfano kwa video, kisha tukashindwa kumpelekea mwenzetu, kwani barua pepe ya Gmail haichukui viambatisho vinavyozidi megabaiti 25. Yafaa tuliweke faili katika Google Drive, kisha tumpelekee kiungo, yaani anwani ya kulipakulia.

Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, tutaje ukubwa wa faili, mwenzetu asije akamaliza bando lake bila kutarajia. Pili, kiungo kisichowekewa mipaka humfungulia faili yeyote atakayekipata. Hivyo video yenye sura za watoto tuwafungulie wahusika tu, kwa anwani zao. Aliyekabidhiwa watoto amekabidhiwa na picha zao.