Kliniki Haiishii Miezi Tisa

Wazazi wengi Tanzania humpeleka mtoto kliniki kwa bidii mpaka afikishe miezi tisa. Akishachomwa sindano ya surua, kadi inafichwa chini ya nguo sandukuni, na kituo cha afya kinakumbukwa tena siku mtoto akichemka homa. Huko ni kuiacha kazi katikati. Katika umri huo kinga ya mtoto dhidi ya surua bado haijakamilika, wala hatima ya kimo chake haijaamuliwa.

Tuanze na surua. Mtoto huzaliwa na kinga aliyoipata kwa mama yake kupitia kondo la nyuma. Kinga hiyo humlinda miezi ya mwanzo, lakini kwa baadhi ya watoto huwa bado imo mwilini hata mwezi wa tisa, nayo huidhoofisha chanjo kabla mwili haujapata nafasi ya kujifunza. Ndiyo maana kati ya watoto 100 waliochanjwa katika umri huo, takriban 15 hubaki bila kinga, na hakuna awezaye kuwatambua kwa kuwatazama. Dozi ya pili, ambayo Tanzania iliiweka kwenye ratiba mwaka 2014 na hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, ipo hasa kwa ajili yao. Anayesema “wangu alishachanjwa na hajawahi kuugua” huenda ana bahati tu ya kutokutana na mgonjwa. Surua husambaa kwa hewa, na virusi vyake hubaki chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka.

Ukuaji ni suala gumu zaidi, kwa sababu udumavu haupigi hodi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na sehemu kubwa ya udumavu hujijenga kati ya miezi 6 na 24, wakati maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena na uji mwepesi wa sembe tupu hauzibi pengo. Akina mama hulalamika kwamba kliniki ni kupimiwa uzito na kurudishwa nyumbani. Lalamiko hilo lina ukweli: mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, nukta inawekwa kwenye kadi, anaitwa mwingine. Lakini dawa yake ni kuuliza, si kuacha kwenda. Muulize muuguzi kama mstari wa mtoto unapanda. Ukilala miezi miwili mfululizo, hiyo ni dalili inayotangulia macho ya jirani yeyote, na bado kuna muda wa kurekebisha chakula. Tena, kuanzia miezi sita mtoto anastahili matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, na akifika mwaka mmoja huongezewa dawa ya minyoo.

Umbali na foleni si visingizio. Huduma kwa walio chini ya miaka mitano ni bure kisera katika vituo vya serikali, lakini nauli si bure, wala siku ya shambani iliyopotea. Palipo na huduma ya mkoba, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anajua siku wauguzi watakayokuja kijijini, muulizeni mapema. Wala si lazima mama aende mwenyewe. Baba au bibi anaweza kumpeleka mtoto, mradi ashike kadi. Mafua ya kawaida hayamzuii mtoto kuchanjwa, na homa ndogo baada ya sindano kwa kawaida hupita yenyewe.

Na kama miezi 18 imeshapita? Mpelekeni hivyo hivyo. Dozi alizokwisha kupata hazirudiwi; ataendelea pale alipoachia. Kadi ikiwa imepotea, nendeni katika kituo alikochanjiwa waangalie rejesta yao.