Wakwe Wanakuja Kisumu: Siku Moja, Njia Moja

Mdogo wangu uliyehamia Kisumu na mumeo kwa ajili ya kazi, salamu zako zimefika. Unasema wakwe zako wanakuja kutoka Mombasa kukaa nanyi wiki nzima, wifi yako anakuja na watoto, na usingizi umekuishia kwa sababu jirani amekuambia Kisumu hakuna cha kumwonyesha mgeni zaidi ya samaki wa Dunga. Huyo jirani hajatembea. Na kwa kuwa wengi wenu mnaniuliza jambo hilohilo kila likizo za shule zikikaribia, leo tuketi tulizungumze sote.

Kubwa kuliko yote nitakayosema ni hili: siku moja, njia moja. Ukitazama ramani utaona kila kitu kiko karibu, utajiambia asubuhi tutakuwa Kakamega, mchana Kit Mikayi, jioni Kogelo. Usithubutu. Mtashinda garini, watoto watatapika, baba mkwe ataumwa magoti, na usiku ukimuuliza mama mkwe ameona nini, atakutajia matuta ya barabarani. Chagua njia moja, nendeni taratibu, rudini kabla ya magharibi.

Siku ya kwanza baada ya safari ndefu, msitoke mjini. Wapeleke Makumbusho ya Kisumu, ambako kumejengwa boma zima la Kijaluo, nyumba ya kila mke mahali pake na ghala zake. Wageni wa Pwani wakishaliona boma hilo, wataelewa mambo mengi watakayokutana nayo siku zinazofuata. Alasiri, watoto wapeleke hifadhi ya swala pala iliyo kando ya ziwa. Ni ndogo, mtaimaliza mapema, na hilo ndilo zuri lake.

Sasa njia ya Bondo. Kit Mikayi iko Seme, kilomita 30 hivi kutoka mjini: mawe makubwa mno yaliyobebana, yakipanda kiasi cha mita 40. Wenyeji wanasimulia habari za mzee aliyezoea kushinda katika pango la mawe hayo. Mkewe ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula, na watu wakimuuliza mumewe yuko wapi, alikuwa akijibu kwamba amekwenda kwa mke mkubwa, yaani yale mawe. Mwache mwenyeji anayewatembeza aisimulie mwenyewe mbele ya mama mkwe. Usimtangulie, ataifurahia zaidi.

Lakini nisikilizeni vizuri hapa. Kit Mikayi ni mahali pa ibada. Mtawakuta waumini, wengi wao wa Legio Maria, wakifunga na kusali katikati ya mawe. Anayeomba hapigwi picha. Waambie watoto kabla hawajashuka garini, na wewe mwenyewe uwe wa kwanza kushusha sauti. Kuhusu kupanda, mwenye magoti mabovu abaki chini kivulini, na mmoja wenu abaki naye. Usimwache mzee peke yake kwenye kiti huku nyote mkipiga kelele juu ya mawe. Nimeona familia zikifanya hivyo, na inaniuma.

Mkiendelea na barabara hiyo mtafika Bondo, nyumbani kwa Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya. Boma lake sasa ni makumbusho, na ndipo alipozikwa. Wageni wengi huulizia Kogelo kwa sababu ya jina la Obama, na si vibaya. Mimi lakini, nikiwa na mzee aliyeziishi siasa za miaka ya sitini, ningempeleka kwa Jaramogi kwanza. Atawasimulia mambo ambayo mumeo hajawahi kuyasikia kwa baba yake.

Njia ya Kakamega ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sitaficha. Ule msitu ndio kipande pekee kilichobaki nchini Kenya cha aina ya misitu ya mvua ya Kongo na Afrika Magharibi. Watu wa Pwani wanaoijua Arabuko-Sokoke wataona tofauti mara moja: hapa ni unyevu, miti mirefu inayofunika jua, mbega weusi kwa weupe wakiruka juu ya vichwa, na ukibahatika utamwona ndege shorobo mkubwa wa buluu akipita kwenye matawi. Ondokeni Kisumu alfajiri. Ndege huimba na kuonekana zaidi asubuhi, na mvua ya huko hupenda kunyesha mchana. Chukueni kijana wa hapohapo awaongoze. Anajua mti upi ni dawa ya nini, anajua mbega walilala wapi, na ujira wake unabaki kijijini kwa watu wanaoulinda msitu huo. Vaeni suruali ndefu na mziingize ndani ya soksi, kwani siafu wa Kakamega hawana adabu na mgeni. Mkirudi, simameni Ilesi kando ya barabara mlione jiwe linalotiririsha maji. Dakika kumi zinatosha.

Ziwa nalo lina siku yake. Najua watu wa Mombasa watasema wao wamezaliwa na bahari, hawafundishwi maji. Waambie kwa heshima kwamba Ziwa Victoria lina tabia zake. Asubuhi linatulia, kisha mchana upepo huamka na mawimbi huweza kukua ghafla. Kwa hiyo mashua ya Dunga ipandwe mapema, na kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, baba mkwe pia. Mwenye mashua akisema hakuna haja, tafuteni mwingine. Ulizeni pia hali ya magugu maji siku hiyo, maana yakisukumwa na upepo huweza kuifunga njia yote. Na watoto wasichezee maji ya ukingoni hata kama wenzao wa pale wanaoga. Kuna kichocho, na kuna viboko.

Mkishuka mashuani, ndipo samaki. Agizeni mapema, kwa sababu kumkaanga ngege mzima kisha kumwingiza kwenye mchuzi wa nyanya si kazi ya haraka. Wale waliozoea nazi watakunja uso kwanza, halafu watakuomba uongeze ugali. Mkiwa na nguvu za siku nyingine ya maji, kuna kisiwa cha Ndere, mbuga ya taifa tangu 1986, chenye ukubwa wa kilomita za mraba 4.2 tu. Malipo ya mbuga za KWS hufanywa kupitia eCitizen, hivyo fanya hivyo nyumbani usiku kabla ya safari, usianze kuhangaika na simu langoni huku wazee wamesimama juani.

Umesema wakwe ni watu wa swala tano. Basi njia ya kusini itawafaa: pitieni Ahero kwenye mashamba ya mpunga, mshuke hadi Kendu Bay, mji wa zamani wa ziwani wenye jamii ya Waislamu ya miaka mingi. Wazee watapata adhuhuri yao msikitini, bila haraka. Kisha mwendo mfupi tu mtafika Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi lililo shimoni. Wenyeji husema palikuwa na kijiji kilichomfukuza mama mzee aliyeomba hifadhi, na usiku huo kikazama chote. Wakati mwingine heroe huujaza ukingo mzima. Wakiwepo, shukuruni, na wasipokuwepo, hadithi ipo.

Kuna mahali nakuomba usiwapeleke kwa siku moja, hata ukibembelezwa. Thimlich Ohinga kule Migori, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo na kusimama kwa karne kadhaa, zilizoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, ni mbali kwa kwenda na kurudi. Vivyo hivyo mbuga ya Ruma, makao ya mwisho ya swala aitwaye korongo nchini Kenya, na kisiwa cha Rusinga alikozikwa Tom Mboya. Haya ni ya kulala, Homa Bay au Mbita. Kwa Rusinga, nendeni hadi Luanda Kotieno mvuke kwa feri hadi Mbita, mpunguze barabara na wazee wapate upepo. Saa za feri ziulizeni siku moja kabla, na mfike mapema kama mna gari.

Katikati ya wiki acha siku moja tupu, mama mkwe alale, watoto wacheze uani, nawe upumue. Gari la kukodi mkubaliane bei mapema, mafuta na kusubiri vikiwemo. Na kama wanakuja Aprili au Mei, beba miavuli na uanze kila safari saa moja mapema zaidi. Mkitoka Kakamega niandikie, nataka kujua kama mlimwona shorobo.