Roboti Jukwaani: Adha za Mhamiaji katika Los Vendidos

Bunilizi ya kisayansi huhusishwa mno na vyombo vya angani hata tukasahau kwamba jukwaa tupu nalo laweza kuibeba. Tuitazame tamthilia fupi ya Luis Valdez, Los Vendidos (1967). Valdez aliasisi kundi la El Teatro Campesino mwaka 1965, wakati wa mgomo wa wachuma zabibu huko Delano, California. Malori ndiyo yaliyokuwa jukwaa lao.

Karani wa ofisi ya gavana anafika dukani kununua Mmeksiko wa kuonyeshwa hadharani. Muuzaji anamwonyesha roboti. Yule wa shambani anasifiwa kama trekta: hula maharagwe, tortilla na pilipili, na msimu ukiisha hurudi kwao Meksiko. Sifa hii ya mwisho, kwa maoni yetu, ndiyo kiini cha kejeli. Kati ya 1942 na 1964, Marekani iliwaajiri Wameksiko kwa mikataba ya muda chini ya mpango wa Bracero. Mikono ilitakiwa, mwenye mikono hakutakiwa kukaa. Hadhira ya vibarua ilihitaji maelezo gani zaidi?

Karani anamkataa kwa kuwa hajui Kiingereza. Mwishowe inabainika kwamba “roboti” wote ni watu, na mashine ni muuzaji! Jina la tamthilia, nalo, lina maana mbili: waliouzwa na wasaliti. Msomaji asisahau kwamba karani huyo ni wa asili ya Kimeksiko. Jina lake, Jimenez, yeye hulitamka Kiingereza.