Gemu ya Mtumba, Nakala Haramu na Malipo ya Ziada: Unanunua Nini Hasa?

Kuanzia Kitui Mjini, Mwingi na Mutomo hadi Wote, Emali na Kibwezi, vyumba vya kuchezea gemu vimekuwa njia ya vijana wengi kujipatia riziki. Vifaa vyake ni vichache: televisheni, mashine ya gemu moja au mbili, pedi, viti na umeme. Mteja hulipa kwa mechi au kwa saa. Kwa kuwa mashine mpya ni ghali, wengi huanza na ya mtumba. Nyumbani nako, watoto hucheza gemu kwenye simu za wazazi, na simu hizo ndizo zenye pesa.

Makala haya yanaeleza mambo matatu ambayo mkazi anapaswa kuyajua kabla ya kutoa pesa zake: malipo ya ziada ndani ya gemu, ununuzi wa mtumba, na nakala haramu.

Gemu moja, sehemu tatu

PlayStation 2 ilipotoka mwaka wa 2000, gemu ilikuwa diski. Ukimuuzia jirani diski, umemuuzia gemu yote. Siku hizi gemu nyingi zina sehemu tatu. Ya kwanza ni programu yenyewe, iliyo kwenye diski au iliyopakuliwa kutoka intaneti. Ya pili ni akaunti ya mchezaji, inayofunguliwa kwa baruapepe na nenosiri. Ya tatu ni seva za kampuni, zinazowaunganisha wachezaji wa mtandaoni.

Fikiria pikipiki. Anayenunua bodaboda ya mtumba haridhiki kupewa ufunguo tu. Hudai umiliki uhamishwe kwenye jina lake. Kwa gemu zilizopakuliwa, akaunti ndiyo hati ya umiliki, na kampuni nyingi haziruhusu akaunti kuuzwa wala kuhamishwa. Mtu akikuuzia mashine yenye gemu kumi ndani ya akaunti yake, anaweza kubadilisha nenosiri akiwa kwake nyumbani, nawe ukabaki na mashine isiyo na gemu hata moja.

Malipo ya ziada

Mwaka wa 2006, kampuni ya Bethesda ya Marekani iliuza vazi la chuma la farasi ndani ya gemu ya Oblivion kwa dola 2.50. Wachezaji wengi walilalamika kwamba walikuwa wamekwisha kuilipia gemu hiyo. Lakini biashara hiyo iliendelea kukua. Mwaka wa 2009, kampuni ya EA ilianzisha Ultimate Team ndani ya gemu ya FIFA, ambapo mchezaji hununua pakiti za kadi za wanasoka bila kujua ndani mna nani. Mwaka wa 2018, tume inayosimamia michezo ya kamari nchini Ubelgiji ilisema kwamba baadhi ya vifurushi vya bahati vya namna hii ni kamari.

Mzazi afahamu mambo mawili. Kwanza, gemu inayopakuliwa bure haimaanishi kwamba kucheza ni bure. Sarafu, mavazi na pakiti ndizo zinazoiingizia kampuni mapato. Pili, vitu hivyo hubaki kwenye akaunti iliyovinunua. Ukiuza diski, haviendi nayo.

Ikiwa simu au mashine imeunganishwa na kadi ya malipo, ikiwemo kadi ya mtandaoni ya M-PESA, weka sharti la nenosiri kwa kila ununuzi. Usimpe mtoto nenosiri hilo, na usitumie tarehe ya kuzaliwa anayoijua.

Mtumba

Kampuni za gemu hazijawahi kuufurahia mtumba, kwa sababu diski inapouzwa mara ya pili hazipati kitu. Mwaka wa 2010, EA ilianza kuweka ndani ya gemu mpya namba ya siri inayotumika mara moja tu. Aliyenunua mtumba alilazimika kulipa takriban dola 10 ili acheze mtandaoni. Mpango huo uliachwa mwaka wa 2013. Mwaka huohuo, Microsoft ilitangaza masharti ya kudhibiti uuzaji wa diski zilizotumika kwenye Xbox One, lakini wateja walipopinga, iliyaondoa kabla mashine haijafika madukani.

Hata hivyo, mtumba umebanwa kwa njia nyingine. PlayStation 5 ilipotoka mwaka wa 2020, ilikuja kwa aina mbili, moja ikiwa haina mahali pa kuingiza diski. Mwenye aina hiyo hawezi kutumia diski ya mtumba. Kadhalika, gemu inayotegemea seva hufa seva zinapozimwa. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka mwaka wa 2014, ilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na hata wenye diski halisi hawakuweza kuicheza tena.

Hapa Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo yanayomwezesha kufaidika na bidhaa aliyonunua. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka wa 2012 inamkataza muuzaji kudai kwamba bidhaa ni mpya ilhali imetumika. Lakini utahitaji ushahidi. Mali bila daftari huisha bila habari: dai risiti yenye jina la muuzaji, namba ya mashine na hali yake.

Nakala haramu

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inalinda programu za kompyuta, na gemu ni programu. Kunakili gemu ili kuiuza, au kuuza nakala iliyotengenezwa bila ruhusa, ni kosa linaloweza kuleta faini au kifungo. Vilevile, sheria inakataza kuvunja kinga za kielektroniki zinazozuia kunakili. Kwa hiyo mashine iliyofungwa chipu ili isome diski za kuchomwa ina tatizo hata kabla ya diski kuingizwa.

Mwenye programu halali anaruhusiwa kuweka nakala ya akiba. Ruhusa hiyo haimfikishi kwenye kuuza nakala hizo.

Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ina wakaguzi walio na mamlaka ya kisheria ya kuingia mahali pa biashara na kuchukua nakala haramu. Kwa kijana aliyeweka akiba yake yote katika mashine mbili, siku moja ya ukaguzi inaweza kuwa mwisho wa biashara. Kuna hasara nyingine pia: mashine iliyochezewa inaweza kufungiwa na kampuni isiingie mtandaoni tena, na faili za gemu za bure kutoka tovuti zisizojulikana zinaweza kubeba virusi vya kuiba manenosiri.

Leseni ya kaunti inaruhusu nini?

Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la leseni za biashara, pamoja na maonyesho na ukodishaji wa video. Leseni hiyo inakuruhusu kuendesha biashara katika eneo lako. Haiwi ruhusa ya mwenye gemu. Masharti ya kampuni nyingi yanaruhusu matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara, hata kwa diski halisi. Mwenye chumba cha gemu asome masharti hayo na kuuliza KECOBO kabla ya kupanua biashara.

Kesho ni zamu yetu

Wapo Wakenya wanaotengeneza gemu. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka wa 2007, na Nairobi X ya Black Division Games ilitoka mwaka wa 2015. Kijana wa Kitui au Makueni anayejifunza kuandika programu leo atahitaji sheria hiyohiyo imlinde kesho. Hakimiliki huanza pale kazi inapotengenezwa. Kuisajili KECOBO humpa mwenyewe ushahidi mzozo ukitokea.

Kabla ya kununua, hakikisha:

1. Mashine ina mahali pa diski, na diski inasomeka mbele yako.
2. Akaunti ya muuzaji imeondolewa, nawe umefungua yako na kuingia mtandaoni.
3. Mashine haijafungwa chipu wala kufungiwa na kampuni.
4. Umeuliza kama gemu inahitaji seva, na kama seva hizo bado zinafanya kazi.
5. Bei haijumuishi sarafu au nyongeza ambazo hazitahamia kwako.
6. Umepewa risiti.

Muuzaji anayekataa kuiwasha mashine mbele yako amekwisha kukupa jibu. Ondoka na pesa zako.