Upara wa Mapema kwa Vijana wa Kiume: Yajue Matibabu Kabla ya Kulipa

Kijana wa miaka 22 au 25 anapoketi kwenye kiti cha kinyozi na kuona kiooni kwamba nywele za panja zimerudi nyuma, mara nyingi humjia soni kabla ya kumjia wazo la kumwona daktari. Soni hiyo humfanya anunue tiba kwa siri, na anayenunua kwa siri haulizi maswali. Muuzaji asiye mwaminifu hulijua hilo vyema. Ndiyo maana tumeona inafaa kueleza katika somo hili ni matibabu gani yamethibitika, yana mipaka gani, na mtumiaji achunguze nini kabla ya kutoa fedha yake.

Kwanza, jua chanzo

Si kila kudondoka kwa nywele ni upara. Mtu mwenye afya njema hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na nyingine huota mahali pake. Upara wa kurithi huja kwa njia tofauti. Mwili hubadili sehemu ya homoni ya testosteroni kuwa homoni nyingine iitwayo dihaidrotestosteroni, kwa kifupi DHT. Kwa mtu aliyerithi wepesi wa kuathiriwa, homoni hii hudhoofisha vishina vya nywele vya panja na utosini, hata kila nywele inayoota inakuwa nyembamba na fupi kuliko iliyoitangulia. Nywele za kisogoni kwa kawaida husalimika. Urithi huo unaweza kutoka upande wa baba au wa mama. Kuvaa kofia au kunyoa mara kwa mara hakusababishi upara huu.

Zipo sababu nyingine zinazodai tiba tofauti kabisa. Nywele zikitoka kwa viraka vya mviringo, huenda kinga ya mwili inashambulia vishina vyake, au ni mapunye, ambayo huletwa na fangasi. Homa kali, upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo na hata kaswende vinaweza kupukutisha nywele. Misuko iliyokazwa sana nayo hung'oa nywele taratibu. Panapokuwa na vipele, usaha, maumivu au ngozi inayong'aa kama kovu, usisubiri: kishina kilichokwisha kuwa kovu hakioteshi nywele tena. Kijana anayepaka mafuta ya kuotesha nywele kwa miezi 6 juu ya ugonjwa wa aina hiyo hupoteza fedha, na pamoja nazo hupoteza muda ambao tiba ingemfaa.

Dawa mbili zilizothibitika

Kwa upara wa kurithi, dawa mbili ndizo zilizofanyiwa utafiti mwingi zaidi. Kwenye vifungashio majina yake huandikwa minoxidil na finasteride. Hapa tutaziita minoksidili na finasteridi.

Minoksidili ilianza kutumika kama kidonge cha kushusha shinikizo la damu. Madaktari walipoona wagonjwa wakiota nywele kuliko kawaida, ikatengenezwa dawa ya kupaka, ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 1988. Kwa wanaume, dawa ya maji ya asilimia 5 hupakwa mililita 1 kwenye ngozi ya kichwa iliyokauka, mara mbili kwa siku. Katika wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi, kwa kuwa za zamani huzipisha mpya. Wengi hukata tamaa hapo na kuacha. Matokeo hupimwa baada ya miezi 4 hadi 6. Dawa inaweza kuwasha ngozi. Anayepata mapigo ya moyo ya kasi, kizunguzungu au maumivu ya kifua aache kuitumia na amwone daktari upesi. Dawa ya kupaka kamwe isinywewe, na iwekwe mbali na watoto, kwani ikimezwa inaweza kushusha shinikizo la damu kwa kiwango cha hatari.

Finasteridi ni kidonge cha miligramu 1 kwa siku, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1997. Hupunguza DHT katika damu kwa takriban theluthi mbili, na kwa wanaume wengi husimamisha upara usiendelee. Hii ni dawa ya cheti cha daktari, na ipo sababu. Wanaume wachache hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa au nguvu za kiume. Wengi wao hurejea katika hali yao wanapoacha dawa, ingawa wapo walioripoti kwamba tatizo liliendelea. Wengine hupatwa na huzuni nzito. Mei 2025, kamati ya usalama wa dawa ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara ya vidonge hivi. Mwenye historia ya sonona amweleze daktari kabla ya kuanza. Na yeyote ambaye hali yake ya moyo inabadilika aache dawa na atafute msaada siku hiyo hiyo. Mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika, kwa sababu dawa hii inaweza kudhuru viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume aliye tumboni. Tunaonya pia dhidi ya kununua vidonge vya miligramu 5, ambavyo hutumika kutibu kuvimba kwa tezi dume, na kuvikata vipande nyumbani.

Dawa zote mbili zina sharti moja ambalo matangazo hulificha: hufanya kazi pale tu zinapotumiwa. Ukiziacha, nywele zilizookolewa hupotea ndani ya miezi kadhaa. Aidha, hulinda kishina kilicho hai. Upara uliokwisha kukomaa na kung'aa hauzisikii sana.

Upandikizaji na sindano

Upandikizaji ni upasuaji wa kuhamisha vishina vya kisogoni na kuvipanda palipo na upara. Nywele zilizopandwa kwa kawaida hudondoka katika wiki za mwanzo, kisha huota upya, na matokeo kamili huonekana baada ya takriban mwaka mmoja. Kijana ana sababu ya kutoharakia. Upara wake bado unasonga. Nywele zilizopandwa zinaweza kubaki mbele kama kisiwa huku za nyuma yake zikiendelea kutoweka, na akiba ya kisogoni haina budi kuisha. Mwenye mwelekeo wa kupata makovu yanayovimba, yaani keloidi, aseme mapema. Anayesafiri nje ya nchi kwa huduma hii aulize ni nani atakayemfanyia upasuaji, na ni nani atakayemhudumia kidonda kikiharibika akiwa amekwisha rudi nyumbani.

Zipo pia sindano zinazotengenezwa kwa damu ya mtu mwenyewe. Baadhi ya tafiti zimeonyesha manufaa, lakini namna za kuziandaa zinatofautiana mno, hivyo hakuna anayeweza kumwahidi mtu matokeo kwa uhakika.

Soma lebo, kisha piga hesabu

Hapa Tanzania, tangu mwaka 2019 dawa na vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango. Mgawanyo huu unamhusu mtumiaji moja kwa moja. Mafuta yaliyosajiliwa kama kipodozi yanaweza kulainisha na kupendezesha nywele. Yakidai kutibu upara, yanadai kazi ya dawa. Bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi isipite kizingiti cha nyumba yako. Baadhi ya bidhaa za aina hii duniani zimekutwa na dawa kali zisizotajwa kwenye lebo.

Kisha piga hesabu ya mwaka. Chupa ya minoksidili ya mililita 60, kwa matumizi ya mililita 2 kwa siku, huisha kwa siku 30. Kwa mfano tu, kama chupa moja ingeuzwa shilingi 40,000, gharama ya mwaka ingekuwa shilingi 480,000, na mwaka unaofuata kiasi hicho hicho. Usipoweza kuendelea, ni afadhali ujue hilo leo kuliko baada ya chupa ya tatu.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji:

1. Bidhaa hii imesajiliwa kama dawa au kama kipodozi?
2. Kiambato chake kinachofanya kazi ni kipi, na kwa kiwango gani?
3. Nitarajie mabadiliko baada ya muda gani?
4. Nikiacha, itakuwaje?
5. Madhara yake ni yapi, na nikiyapata niende wapi?

Anayejibu kwamba haina madhara yoyote na huotesha nywele kwa siku 7 amekwisha kujibu maswali yote matano. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukipata madhara, toa taarifa katika kituo cha afya au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na uhifadhi kifungashio.

Mwisho, upara wa kurithi haudhuru afya ya mwili. Kunyoa kichwa chote na kuendelea na maisha ni uamuzi kamili, usiopungua heshima kwa lolote mbele ya uamuzi wa kutumia dawa. Tunachokuomba, ndugu msomaji, ni kwamba lolote utakaloamua uliamue baada ya kuzungumza na daktari au mfamasia. Mficha uchi hazai, na mficha upara wake humnufaisha muuzaji.