Baridi ya Julai na Mbwa Koko wa Koloane

Ndugu zangu mliokuja na koti la Dar, mtanielewa. Julai hapa Johannesburg, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, jua linawaka nje lakini chumbani unatetemeka. Mwaka wangu wa kwanza nilijifungia ndani na kuanza kuulizia nauli ya kurudi. Kilichonitoa ni chai ya Fordsburg, halafu mlango wa Bag Factory.

Hapo palikuwa kiwanda cha mifuko. Mwaka 1991, mwaka uleule iliyofutwa sheria ya kuwatenga watu kimakazi, David Koloane na wenzake akina Robert Loder walipafanya studio za wasanii, weusi kwa weupe. Sisi wahandisi tunadhani kipaji kinatosha. Kumbe msanii mweusi alikosa hata ukuta wa kuegemeza kazi yake!

Koloane, aliyefariki 2019, alichora sana mbwa koko wa jiji hili. Kwenye maonyesho nilimpita mmoja, nikarudi. Somo langu ni hilo tu: usisome kibao kwanza. Simama dakika tano. Mimi niliona mbwa, baadaye meno, mwishowe nikaona barabara ninayopita usiku nikiwa na pasipoti mfukoni, roho juu.

Studio ni za watu walio kazini, kwa hiyo piga simu kwanza. Alhamisi saa tano nitakuwa nje ya Oriental Plaza. Vaeni soksi mbilimbili.