Masharti kwa Watakaoijenga Upya Remba

Remba, kisiwa cha mawe cha Homa Bay katika Ziwa Victoria, hakina barabara ya gari. Kama kisiwa cha Migingo kule Migori, mabati yamekifunika mpaka ukingoni mwa maji. Stendi yake ni ufuo, matatu zake ni boti za injini, na njia zake ni vichochoro ambamo watu hupishana kwa kugeuza mabega. Wahandisi na maafisa wa mipango, shikeni haya.

ANZENI na ufuo. Alfajiri boti za omena zinarudi, wachuuzi wanazigombania, na abiria wa kwenda Mbita, bara, nao wanataka kupanda. Samaki, petroli na watoto visipite mahali pamoja. Tengeni pa kushushia samaki na pa kupandia abiria. Petroli iwekwe mbali na nyumba.

MSIJENGE gati lisilo na lango la kuhesabia watu. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilizama kikikaribia gati la Ukara, Tanzania. Walikufa zaidi ya watu 220. Abiria hawazidi katikati ya ziwa. Huzidi pale wanapopandia. Kwa hiyo uzio, lango na karani wa kuhesabu viwemo ndani ya mchoro na ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza.

MSIPIME kina cha maji mara moja mkaridhika. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifurika hata kupita kiwango cha 1964. Gati la Remba liwe la kuelea, lipande na kushuka pamoja na ziwa.

WAHESABUNI wakazi msimu wa uvuvi. Sheria hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai. Atakayekuja na daftari miezi hiyo atawakosa wavuvi wengi, na vyoo atakavyopanga havitatosha.

Vyoo vitangulie taa za njiani. Pasipo choo uchafu huishia ziwani, na ziwani humohumo ndimo watu wanamochota maji ya kunywa.

MSIBOMOE kabla hamjajenga pa kuwahamishia watu. Bara, aliyebomolewa hujibanza kwa jamaa. Hapa nyuma ya kibanda ni maji. Sheria ya upangaji wa ardhi ya mwaka 2019 inataka wananchi washirikishwe, na kumsikiliza mwenyekiti wa BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo, peke yake si kuwashirikisha. Waketi Mjaluo, Msomali, Mganda na Mtanzania, na wanawake wanaoanika omena wawe mstari wa mbele. Uwanja wao wa kuanikia ni kiwanda chao. Msiuguse.

ACHENI njia kuu kutoka juu ya kisiwa hadi majini, pana ya kutosha machela inayobebwa na watu wanne, na pasiwekwe meza wala kibanda.

Mchoro usioonyesha jinsi mama mwenye uchungu wa kujifungua atakavyotolewa usiku, kutoka kitandani hadi botini, urudishwe Homa Bay bila kutiwa sahihi.